Bi Vunja na Atomu ya Unga

Bi Vunja alikuwa na kanuni moja darasani, na hakuna mkuu wa shule, mkaguzi wala mzazi aliyewahi kumng'oa hapo: mwanafunzi asiambiwe leo jambo ambalo waliolitafuta walikuja kulijua kesho. Alipofundisha atomu, aliifundisha kwa mpangilio ule ule ambao wanadamu waliifahamu, pamoja na makosa yao, na kila kosa alilifundisha kwa imani ya muumini wa safu ya mbele.

Wiki ya kwanza atomu ilikuwa gololi. Aliiweka juu ya meza ya maabara, akaitazama kwa heshima, akasema, "Hii ndiyo atomu. Ngumu, nzima, haigawanyiki, haina tumbo wala utumbo. Gololi za dhahabu zinafanana zote, gololi za chuma zinafanana zote, na kila mnachokiona duniani, pamoja na mkuu wenu wa shule, ni gololi zilizoshikana." Wanafunzi waliandika. Wiki ya pili aliingia na donge la unga uliokandwa, limechomekwa maharage, akaisukuma ile gololi kwa kidole kimoja hadi ikaanguka sakafuni, akatangaza kwamba kumbe atomu ina vitu ndani. Wiki ya tatu unga ulikwenda ulikokwenda gololi, ikaja atomu yenye kiini kidogo katikati na uwazi mtupu pande zote. Wiki ya nne elektroni zilipewa njia za kuzungukia, duara ndani ya duara, nadhifu kama sahani zilizopangwa kabatini.

Ya tano ndiyo iliyowaliza watoto. Aliichora miduara yote upya kwa bikari kubwa ya ubaoni, polepole, kama mtu anayemvalisha mtoto nguo za sikukuu, kisha akachukua dasta akaisugua mpaka ubao ukabaki na wingu la chaki. "Elektroni imo humo," alisema. "Msiniulize iko wapi hasa. Waliouliza walijibiwa kwamba swali lenyewe lina kasoro."

Alichokijenga Jumatatu hii alikibomoa Jumatatu iliyofuata, ndiyo sababu wanafunzi wakamwita Bi Vunja. Alilijua jina hilo. Hakulipenda wala hakulikataa. Watoto wa shule wana haki chache sana, na kuwabandika walimu majina ni mojawapo.

Kila mwaka alitokea mjuaji mmoja aliyesoma mbele. Mkono juu, amekwisha kuinuka kitini.

"Lakini Mwalimu, kitabu kinasema atomu ina kiini."

"Kitabu cha lini?"

"Cha kaka yangu."

"Sikukuuliza cha nani. Leo tuko wapi?"

"Wiki ya gololi."

"Basi kaa chini. Mwenye maneno hayo hajazaliwa."

Kanuni hii hakuiokota njiani. Alipokuwa msichana alifundishwa miduara tangu siku ya kwanza kama amri iliyoshuka kutoka juu, naye akaipenda kwa moyo wote, akaichora hadi kwenye majalada ya madaftari. Alipofika chuo cha ualimu, mhadhiri mmoja, ambaye suruali zake zilikuwa fupi kuliko hotuba zake, aliingia akasema miduara ile ni michoro ya kuwabembelezea watoto, isahauni. Kisha akacheka. Darasa zima likacheka naye, maana ndivyo darasa linavyofanya mhadhiri anapocheka. Yeye hakucheka. Aliona ameibiwa. Kilichomuuma hakikuwa kufundishwa kosa. Ni kwamba alipewa kosa lisilo na mwenyewe, hakuambiwa nani aliliamini na kwa sababu gani, wala lilikufaje. Akajiapiza kwamba wanafunzi wake watakosea pamoja na waliokosea, na siku ya kuliacha kosa wataliacha kwa ushahidi walioushika mkononi.

Hilo ni wazo zuri, na anayesoma habari hii asije akadhani linalaumiwa hapa. Lawama ipo, lakini imekaa mahali pengine, nasi tutapafikia.

Nyumbani Bi Vunja aliishi na mama yake mzazi pamoja na binti wa kaka yake. Huyo kaka alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuja na mzigo wa nguo chafu na kuondoka na mzigo wa nguo safi, na katika safari mojawapo alimwacha binti yake pale pamoja na nguo chafu, akasahau kumchukua. Shangazi alimlea. Binti aliitwa Daktari tangu akiwa mdogo, kwa sababu aliwahi kumpiga kuku wa bibi yake sindano ya mwiba kumtibu mafua. Kuku alikufa, jina likabaki.

Sasa alikuwa kidato cha pili, katika darasa la shangazi yake, na udaktari hakuutaka tena. Alitaka kuwa nesi. "Daktari anapita tu wodini," alisema, "nesi ndiye anayebaki na mgonjwa." Ili afike huko alihitaji kuingia mchepuo wa sayansi, na mlango wa mchepuo huo ulikuwa mmoja: mtihani wa mchujo uliotungwa na kusahihishwa na ofisi ya elimu kwa ajili ya shule zote za pale. Ukishindwa kemia, unakwenda mchepuo wa sanaa, na hakuna anayerudi kutoka huko. Nyumba nzima ilijua hivyo. Hata dereva wa malori alijua, na yeye hakujua hata kidato cha binti yake.

Mwaka ule, asubuhi ya Jumatatu ya wiki ya pili, Bi Vunja alikuwa jikoni akichomeka maharage kwenye donge la unga. Mama yake aliingia.

"Unga wangu huo unakwenda wapi?"

"Shuleni, mama."

"Kuliwa na nani?"

"Hauliwi. Ni atomu."

Bibi alilizunguka donge lile kama anayekagua mbuzi wa kununua. "Juzi si ulisema atomu ni gololi?"

"Ilikuwa gololi. Sasa ni unga."

"Na wiki ijayo?"

Bi Vunja alimtupia mama yake jicho kali, kwa kuwa Daktari alikuwa palepale mlangoni akifunga kamba za viatu. "Wiki ijayo haijafika."

"Hiyo atomu yenu haina msimamo," bibi alisema. "Sura mpya kila wiki, kama kaka yako na wachumba zake. Mke mwenzangu, wewe uliye mlangoni, unayaelewa haya?"

"Nayaelewa, bibi," Daktari alijibu bila kuinua kichwa. "Unga una chaji chanya. Maharage ndiyo elektroni, yana chaji hasi. Vinalingana, ndiyo maana ukigusa meza haikurushi."

"Umesikia?" bibi alimgeukia binti yake. "Mtoto ana akili hivi, halafu unamlisha unga mbichi."

Darasani somo lilikwenda vizuri mno, na huo ndio uliokuwa msiba. Bi Vunja alieleza jinsi bwana mmoja alivyoichunguza miale iliyomo ndani ya bomba la kioo lililotolewa hewa, akaona kwamba miale hiyo ni vijipande vyenye chaji hasi, vyepesi kuliko atomu yoyote, na kwamba vijipande ni vile vile hata ukibadilisha metali iliyomo bombani. Kwa hiyo gololi ilikuwa na utumbo. Na kama atomu nzima haina chaji, basi lazima vijipande hivyo vimezama katika kitu chenye chaji chanya. Wanafunzi walilipitisha donge mkono kwa mkono. Haidrojeni wakaichomeka harage moja, kaboni sita, sodiamu kumi na moja. Hesabu hiyo ya maharage aliichukua kwenye jedwali la elementi la watu waliokuja baadaye, na hapo kanuni yake ilipitia mlango wa uani. Lakini hakuna aliyeuliza, naye hakujitangaza. Kufikia kengele, darasa zima liliamini unga. Hawakuukariri, waliuamini, kama unavyoamini kwamba kiti ulichokalia kina miguu.

Siku ile ile, saa ya mapumziko, mkuu wa shule alipuliza filimbi ndani ya ofisi ya walimu. Aliivaa shingoni mwaka mzima na aliipuliza kwa kila jambo: kuita gwaride, kufukuza mbuzi, kuomba chumvi. Jina lake lilikuwa Filimbi, na hata mkewe, inasemekana, alilitumia.

"Mtihani wa mchujo umeletwa mapema kwa wiki tatu," alisema. "Ni Ijumaa hii, ofisi ya elimu imekubali. Wiki ijayo mafundi wa paa wanaingia ukumbini, na fundi wa paa ukimkosa leo utamwona mvua zikishaisha."

"Ijumaa hii?" Bi Vunja aliweka kikombe chini. "Mimi niko kwenye unga."

"Uko wapi?"

"Kwenye unga."

"Mwalimu, wenzako wako kwenye marudio."

Ofisi ikaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu, mwanamke mnene mwenye huruma ambaye alikuwa rafiki yake wa pekee pale, alivuta kiti karibu.

"Dada, hii ni kazi ya dakika kumi. Ingia, chora miduara, waambie wakariri, toka."

"Na unga?"

"Unga kaupike."

"Wameuamini leo asubuhi tu."

"Waache kuuamini."

"Kwa ushahidi gani?"

"Kwa ushahidi kwamba mtihani ni Ijumaa!"

Bi Vunja alitikisa kichwa. Alisema kwamba watu waliokuwa na akili kuliko wote waliokaa ofisini mle waliishi na unga ule miaka kadhaa kabla ya kupata sababu ya kuutupa, na yeye hawezi kuwatupisha watoto kwa sababu ya mabati. Filimbi alisema kwamba watu hao wenye akili hawakuwa na mtihani wa mchujo. Kisha akapuliza filimbi, mapumziko yakaisha.

Hapa ndipo ilipokaa lawama. Bi Vunja alikuwa na siku za kutosha kusimama mbele ya darasa na kusema: haya ninayowafundisha ni hatua, ziko nyingine mbele, mtihani unataka hatua ya nne, hii hapa, ichoreni, na Jumatatu tutarudi nyuma tuone ilipatikanaje. Wote wangesikia, hakuna ambaye angependelewa. Badala yake alijifariji. Alijiambia kwamba mitihani ya miaka iliyopita ilipenda kuuliza asidi na chumvi. Alijiambia kwamba atomu huenda isiulizwe kabisa. Mwanamke ambaye hakukubali hata gololi bila ushahidi alikubali "huenda" bila ushahidi wowote, na akaiita hiyo kushika kanuni. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kiburi kilichovaa koti la kanuni, na kiburi cha mtu mwadilifu ndicho kigumu kukiona, kwa sababu koti lenyewe ni safi.

Alhamisi jioni walikuwa jikoni wote watatu. Bibi alichambua mchele kwenye ungo, Daktari aliosha vyombo, shangazi alifuta.

"Shangazi."

"Naam."

"Rafiki yangu ana kitabu cha zamani cha nyumbani kwao. Mna mchoro wa atomu. Ni miduara miduara, unga hakuna hata wa kupakia kidole."

Bi Vunja aliendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Sikutaka kuangalia," Daktari alisema. "Kilijifungua chenyewe."

"Vitabu vina tabia hiyo."

"Sasa kesho wakiuliza, nichore ipi? Niambie kweli. Hapa hatuko darasani."

Shangazi aliwafikiria wengine. Aliwaona kwa nyuso zao, mmoja mmoja, wanaingia ukumbini na unga wao kichwani, na hakuna hata mmoja mwenye shangazi anayefuta sahani kando yake. Kumnong'oneza huyu peke yake ni kuwaibia wale. Hapo hakukosea. Kosa ni kwamba hakukumbuka kuwa kesho asubuhi, kabla ya mtihani, wote watakuwa wamesimama uwanjani mbele yake, na mdomo anao.

"Darasani mmefundishwa nini?" aliuliza.

"Unga."

"Na mwalimu wako ni nani?"

"Wewe."

"Unamwamini?"

Bibi aliuweka ungo chini. "Ndiyo swali gani hilo la kumuuliza mtoto? Amekuuliza, mjibu."

"Mama, haya ni mambo ya shule."

"Ya shule yako, ndani ya jiko langu."

Daktari alicheka. "Namwamini, bibi. Tena sana," alisema, akarudi kwenye vyombo vyake akiimba kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetua mzigo.

Swali la mwisho la karatasi ya kemia, lenye alama nyingi kuliko yote, lilisema: *Chora atomu ya sodiamu ukionyesha mpangilio wa elektroni zake.*

Bi Vunja alikuwa zamu ya kusimamia ukumbi. Alipita kati ya madawati, mikono nyuma, na katika karibu kila karatasi ya darasa lake aliuona unga wa mama yake. Madonge makubwa, madonge madogo, mengine yamechorwa na alama za vidole. Maharage kumi na moja, yamepangwa kwa uangalifu, hakuna aliyekosea hesabu. Alipofika dawati la Daktari akaona bikari mkononi. Mtoto alikuwa amekwisha kuchora duara moja la ndani na ameanza la pili. Kisha akasimama. Akainua uso, akamwona shangazi yake, akatabasamu kidogo kama mtu aliyenusurika kufanya ujinga. Akachukua ufutio, akaifuta miduara yote miwili, akapuliza vumbi la ufutio, akaanza kuchora donge.

Msimamizi haruhusiwi kusema neno. Miguu ya Bi Vunja iliendelea hadi mwisho wa safu kwa sababu ndiyo kazi ya miguu.

Ukumbi mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa darasa lile aliyechora miduara. Huyo alikuwa Usingizi, kijana wa safu ya nyuma ambaye alilala wiki ya gololi, akalala wiki ya unga, na angelala wiki ya kiini kama si kelele. Hakuwa na imani yoyote ya kumponza. Alipoona neno *atomu* alikumbuka picha iliyokuwa kwenye boksi la betri za tochi nyumbani kwao, akaichora, akaongeza vidoti mpaka akachoka, akalala. Alipewa alama za kutosha, akaingia mchepuo wa sayansi, ambako amewatesa walimu. Uvivu haustahili zawadi, hata unapobahatika, lakini hakuna aliyeomba ushauri wangu.

Jumatatu Bi Vunja aliendelea na somo kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliinua ubao mpana wa mbao juu ya vitabu vinne, kama meza fupi, na chini yake alificha kipande cha tofali ambacho hakuna aliyekiona. Wanafunzi walilala kifudifudi pande zote wakibingirisha gololi chini ya ubao. Nyingi zilipita moja kwa moja. Chache zilipinda. Mara moja moja, gololi ilirudi kwa kasi kwa aliyeirusha, na mojawapo ilimpita mwenyewe ikampata Filimbi kwenye kifundo cha mguu, wakati tu anaingia kuuliza kwa nini darasa zima limelala chini. Alipuliza filimbi kwa maumivu, darasa la jirani likatoka nje likidhani ni mapumziko.

Vurugu ilipotulia Bi Vunja aliwaeleza. Kwamba watu walivurumisha vijipande vidogo kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, na kwamba kama atomu ingekuwa unga, vyote vingepenya kama risasi katika uji. Vingi vilipenya. Vichache vilipinda, na vichache zaidi vilirudi vilikotoka. Kwa hiyo ndani ya atomu kuna kitu kidogo sana, kizito, chenye chaji chanya, na pembeni yake ni uwazi. Alifunua ubao, wakaliona tofali.

Kwa kawaida hapo darasa lilipiga makofi. Safari hii Daktari alikuwa amesimama.

"Mwalimu, aliyegundua hili alizaliwa lini?"

"Zamani."

"Kabla yako?"

"Kabla ya bibi yako."

"Kwa hiyo Ijumaa ulikuwa unajua."

Angeweza kumkemea, maana mwanafunzi haongei hivyo na mwalimu. Hakumkemea. "Nilikuwa najua," alisema.

"Na miduara unaijua?"

"Naijua. Nayo si kweli, tutaivunja."

"Lakini ndiyo inayopasisha," Daktari alisema, akakaa.

Matokeo yalipotoka, waliokuwa wameshiba alama za maswali mengine walipenya. Sehemu kubwa ya darasa ilibaki nje, na Daktari alikuwa miongoni mwao, kwa upungufu mdogo sana. Bi Vunja alivaa gauni lake la mikutano akaenda ofisi ya elimu, kwa mkaguzi wa sayansi aliyesimamia usahihishaji.

Mkaguzi alikuwa mtu wa kitambi na miwani, aliyekaa chini ya feni iliyozunguka bila kutoa upepo. Karatasi za shule ile alikuwa amezitenga mezani. "Mwalimu, karibu," alisema. "Niseme ukweli, hizi nilimwita mke wangu aje azione. Hii hapa," akaivuta moja, nayo ilikuwa ya Daktari, "huyu ana kipaji. Alivyoutia kivuli huu unga, nilishikwa na njaa."

"Jibu hilo lilikuwa sahihi," Bi Vunja alisema.

"Lini?"

"Zaidi ya miaka mia iliyopita."

"Mtihani ulikuwa Ijumaa."

"Na miduara mliyoipa alama imekufa karibu miaka mia sasa. Elektroni hazizunguki kwenye vijia kama punda wa kinu. Nanyi mnajua."

"Mimi najua." Mkaguzi alivua miwani. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Nami nilisoma kemia, tena niliipenda. Kwa hiyo, Mwalimu, ulikuwa na makosa mawili mkononi. Moja linapasisha, moja linafelisha. Ukawapa linalofelisha."

"Niliwapa lililokuwa kwenye zamu."

"Zamu ya nani? Ya watoto ilikuwa zamu ya mtihani."

Bi Vunja alitazama feni, akatazama unga wa Daktari, akasema, "Nimekosea." Kisha akaomba darasa zima lirudie mtihani.

Haikuwezekana. Majina yalikuwa yamekwisha kupelekwa, na ukumbi haukuwa na paa. Mkaguzi alimsikitikia kweli, ndiyo maana akainama na kushusha sauti. "Nimeambiwa huyu ni wa nyumbani kwako. Anakosa kidogo tu. Naweza kuisoma karatasi yake upya, kwa jicho la huruma, na mambo yakaishia hapa hapa."

"Na wengine?"

"Wengine si wako."

"Nao wana shangazi zao."

"Lakini shangazi zao hawakuja, Mwalimu. Wewe umekuja."

Bi Vunja aliitazama tena ile karatasi ya unga. Alimwona binti na gauni jeupe la wodini. Alimwona na bikari. Kisha akachukua mkoba wake. "Iache ilivyo," alisema, akatoka.

Jioni alimweleza Daktari yote, na jambo la ofisini pia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha. Bibi alikuwa pale.

"Alitaka kunipitisha, ukakataa?" Daktari aliuliza.

"Nilikataa."

"Kwa ajili ya wengine."

"Ndiyo."

"Na Alhamisi ile nilipokuuliza?"

"Kwa ajili ya wengine pia."

"Lakini, shangazi," binti alisema bila hasira, na hilo ndilo lililouma, "hao wengine nao wamefeli."

Kukataa kwake ofisini kulikuwa haki, na aliye na watoto wa wenzake mikononi afanye vivyo hivyo. Alichokosea alikikosea mapema, siku ya filimbi ile ofisini, aliponyamaza wakati kusema kungewafaa wote. Mwaka uliofuata aliingia darasani na gololi kama kawaida, lakini kabla ya kuiweka mezani aliwaambia wanafunzi kwamba itavunjwa, na kwamba iko miduara ya mtihani, akawachorea siku ile ile. Somo halikunoga kama zamani. Hakuna aliyeamini unga tena, na walipoliona tofali hakuna aliyeshtuka. Walifaulu.

Daktari alipelekwa mchepuo wa sanaa. Hakusomea uuguzi. Leo anapokea wateja kwenye duka la vioo vya madirisha, kazi anayoifanya vizuri na asiyoitaka. Bado wanaishi nyumba moja na shangazi yake, wanasalimiana, wanakula pamoja. Kanuni ile ilimgharimu binti kazi aliyoitamani, na ilimgharimu Bi Vunja imani ya mtoto aliyemlea: tangu jioni ile Daktari hajamuuliza tena jambo lolote.